India kwenye shabaha: kilichowatoa kwa maharaja hadi shaba 3 za Paris ni bunduki ya upepo, si pesa. Bisheni

#1 MtutuMrefu
Wadau, salaam. Kila shaba 3 za India kule Paris 2024 zinapotajwa, utasikia "wale wana pesa, tena wako bilioni na ushee". Nabisha. Pesa kwenye shabaha walikuwa nayo zamani sana. Karni Singh, maharaja wa Bikaner, alikwenda Olimpiki mara 5 kati ya 1960 na 1980 na hakurudi na kitu. Na huyo ni mtu aliyekuwa na silaha, risasi na muda wa kuchezea.

Kilichobadilisha mambo ni silaha ya upepo ya mita 10. Kwa kanuni zao za silaha za 2016, bunduki ya upepo ya milimita 4.5 isiyozidi jouli 20 haihitaji leseni. Sasa piga hesabu: risasi ya mashindano ina gramu 0.53 na hutoka kwa mita 170 hivi kwa sekunde, maana yake jouli 7 na nusu na kidogo. Haifiki hata nusu ya kikomo. Mtoto wa sekondari anaingia klabuni Jumamosi, anapewa bastola, anaanza. Kwenye .22, bunduki ya baruti, angekuwa bado anazunguka na fomu ya polisi. Nimemaliza, njooni.

#2 Kisiki_cha_Mpingo
Mkuu umepanga vizuri ila kalenda inakugomea. Kanuni ni za 2016. Abhinav Bindra kachukua dhahabu Beijing 2008. Hiyo bunduki ya upepo ilirudi nyuma miaka 8 kumsaidia?

Na huyo Bindra ndiye ushahidi wa pesa. Baba yake alimjengea uwanja wa shabaha wa ndani nyumbani. Usitupange.

#3 MtutuMrefu
Kisiki, msamaha wa silaha za upepo ulikuwepo kabla ya 2016. Zamani kigezo kilikuwa kipimo cha ubao: risasi ikitoboa, hiyo ni silaha ya leseni. 2016 waliandika jouli tu ili afisa wa forodha asibishane na mtu. Hoja yangu ipo palepale.

#4 BintiDiopta
Nawarekebisha wote kabla uzi haujachafuka.

Karni Singh hakukosa kila kitu. Alipata fedha ya dunia kwenye trapu, Cairo 1962. Ila trapu ni bunduki ya marisau na sahani za udongo, mchezo wa mwenye shamba na mfuko. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya shabaha kwa India nayo ilitoka kwenye marisau: Rajyavardhan Singh Rathore, Athens 2004, fedha ya trapu maradufu (sahani mbili kwa mpigo), sahani 179 kati ya 200. Aliyemshinda ni Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu kwa 189.

Kwa hiyo Mtutu, medali iliyofungua mlango haikutoka kwenye silaha ya upepo. Na Rathore hakuwa maharaja wala mtoto wa tajiri, alikuwa meja wa jeshi. Jeshi lao lina kikosi cha walengaji pale Mhow, Madhya Pradesh. Katriji, sahani, kocha, vyote vya serikali.

#5 Gobore la Babu
Nimeweka kambi hapa. Binti kaingia na rula.

#6 Kisiki_cha_Mpingo
#4 umenisaidia bila kukusudia. Jeshi ni pesa. Ya umma, lakini pesa. Trapu ni gramu 24 za marisau kila unapofyatua, huiokoti tena. Sahani ni ya sentimita 11, ikipasuka imekwenda. Mtu wa upepo kopo moja la risasi 500 linamtosha siku tano au sita akipiga 80 hadi 100 kwa siku.

#7 FundiKitako
Hesabu ya kopo ni sawa, ila Kisiki umeruka sehemu inayouma: si kila kopo linafaa kwa kila mtutu. Risasi za mita 10 zinakuja kwa kipenyo cha kichwa 4.49, 4.50, 4.51, na ndani ya kipenyo kilekile kila toleo la kiwandani lina tabia yake. Taratibu yenyewe ni hii: unafunga mtutu kwenye jiliwa, si mkononi, maana mkono utakudanganya. Unapiga risasi 10 za toleo moja kwenye karatasi moja, unapima tundu lote ukingo hadi ukingo kwa kalipa (kipimo cha taya mbili). Likija karibu na milimita 5 na nusu, toleo hilo nunua makopo mengi na uandike namba yake. Likija 7, rudisha. Kati ya toleo na toleo unapiga kadhaa za kusafisha njia, kwa sababu mtutu bado una mabaki ya risasi ya kwanza na utalihukumu toleo jipya kwa kosa la la zamani.

Sasa mtoto wa mji mdogo India miaka ya 1990 alinunua kopo lililopo dukani. Alikuwa anapoteza pointi ambazo hata hajazilenga. Nikiulizwa mimi, kuanzia pale walipoanza kupima matoleo kwa utaratibu ndipo alama zao zilipopanda. Si sheria wala baba mwenye uwanja.

#8 MtutuMrefu
Fundi, hapo umetoa sababu ya bunduki, si ya bastola. Kwenye bastola milimita 1 haikuui.

#9 BintiDiopta
Hili liko sawa, na hesabu yake ni nzuri, ngoja niiweke.

Bunduki ya upepo mita 10: duara la 10 ni nukta ya nusu milimita. Risasi ikiigusa kwa ukingo tu inahesabiwa. Risasi ina nusu-kipenyo cha 2.25, nukta ina 0.25, kwa hiyo kitovu cha risasi kikiwa ndani ya milimita 2.5 kutoka katikati, ni 10.0. Kila desimali ni robo milimita. Ili upate 10.9 unabaki ndani ya robo milimita. Hapo toleo baya la risasi linakula desimali 2 au 3 kila risasi, mara 60.

Bastola: duara la 10 lina kipenyo cha 11.5. Kitovu kina nafasi ya milimita 8. Desimali moja ni 0.8. Tena kwenye mchujo wa bastola desimali hazihesabiwi, 10.0 na 10.9 zote ni 10. Adui wa bastola ni saiti (alama za kulengea juu ya mtutu) na kidole. Kati ya saiti ya nyuma na ya mbele kuna milimita 320 hivi. Saiti ya mbele ikicheza sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi imekwenda zaidi ya milimita 3 pale mbele. Mkono mzima ukiyumba lakini saiti zimekaa sawa, unapoteza kidogo. Saiti zikipinda, umeliwa.

#10 Mzee wa Renji
Ndiyo maana India imetoa watu wengi wa bastola. Unaweza kufundisha bastola kijijini kwa vitu vya kijijini. Angalieni Johri, wilaya ya Baghpat, Uttar Pradesh. Chandro Tomar alianza akiwa amevuka 60, bibi mwenye wajukuu, anafanya mazoezi ya mkono kwa kushika jagi la maji. Watu wanacheka ile picha, lakini ndiyo kazi yenyewe: bastola inaruhusiwa hadi kilo 1.5, unainyoosha mkono mmoja mara 60 za mashindano na nyingine za kujipima. Bega likichoka, mtu anaanza kuiwahi risasi.

Na ufyatuaji mkavu, yaani bila risasi, hauna gharama. Ukuta mweupe, hakuna shabaha, unaangalia saiti ya mbele tu na kubana triga mpaka igonge. Saiti ikiruka wakati wa kugonga, kidole kinasukuma pembeni. Dakika 20 kwa siku zinamjenga mtu kuliko kopo zima la risasi.

#11 Kisiki_cha_Mpingo
Mzee, kwa hiyo tuache bajeti, tununue majagi?

#12 Mzee wa Renji
Jagi unalo. Kinachokosekana ni mkono wa kulishika.

#13 Gobore la Babu
😂😂 #12 afungiwe uzi wake.

#14 PeponiKusini
Mimi naona wote mnazunguka. Viwanja. Uwanja wa Tughlakabad, Delhi, unaoitwa kwa jina la Karni Singh, ulijengwa kwa Michezo ya Asia ya 1982, ukafumuliwa na kujengwa upya kwa Jumuiya ya Madola 2010. Pune wana Balewadi. Bhopal kuna akademia ya jimbo tangu 2007, Aishwary Tomar katokea pale. Michezo ya Asia ya Hangzhou 2023 walichota medali 22 za shabaha, 7 dhahabu. Mtu anayefanya mazoezi kwenye shabaha ya elektroniki hashtuki ukimpeleka mashindano ya Munich.

#15 FundiKitako
Shabaha ya elektroniki haijiendeshi, Peponi. Zile za kupima kwa sauti zina utepe wa karatasi au mpira katikati ambao lazima usogee kila risasi. Utepe ukikwama, risasi ya pili inapita kwenye tundu la kwanza, mashine haisikii kitu au inasikia vibaya. Vumbi la Delhi na unyevu wa masika ndio ugonjwa wake. Uwanja wenye njia 80 ambazo 15 haziaminiki ni mbaya kuliko karatasi, maana mlengaji anaanza kurekebisha saiti kwa kosa lisilo lake.

Karatasi ina ubaya wa kupoteza muda, lakini risasi ya kichwa bapa inakata tundu safi, unaweka kipimo, unasoma, umemaliza ubishi.

#16 Nahodha wa Mitungi
Masika mmeyataja, hamjafika kwenye hewa yenyewe. Bunduki hizi siku hizi zinatumia mtungi wa bar 200. Ukijaza kutoka kwenye mtungi wa mzamiaji au kompresa yenye kichujio, hewa ni kavu. Ukijaza kwa pampu ya mkono mwezi wa Julai kule Mumbai, unasukuma maji ndani. Maji yanakaa kwenye vali, kutu inaanza, mdhibiti wa shinikizo anakosa utulivu. Dalili yake utaiona kwenye karatasi: risasi zinapangana wima. Kushoto na kulia safi, juu na chini zimetawanyika. Mlengaji anadhani ni pumzi yake, kocha anambadilishia mkao, kumbe ni mtungi.

Tiba: pampu mapigo machache, pumzika ipoe, achia unyevu, endelea. Na mtungi una tarehe, maisha yake ni miaka 10. Ukipita hapo hauingii uwanjani, hata ung'ae vipi.

#17 BintiDiopta
Nahodha asante, hiyo ya wima inafaa kubandikwa ukutani. Ila usiwaachie waliosimama vibaya kisingizio. Pumzi nayo inatawanya wima.

#18 Nahodha wa Mitungi
Ndiyo maana unaanza na jiliwa, kama alivyosema Fundi #7. Ikitawanya kwenye jiliwa, pumzi haihusiki. Jiliwa halina mapafu.

#19 Kisiki_cha_Mpingo
Tumetoka Paris tuko kwenye mapafu. Turudi. Hakuna aliyejibu hili: Rio 2016 India ilipata sufuri. Tokyo walipeleka watu 15, sufuri, na aliyefika fainali ni mmoja tu, Saurabh Chaudhary, akawa wa 7. Leseni zilikuwepo, viwanja vilikuwepo, majagi yalikuwepo. Kwa hiyo nadharia zenu zote zinaeleza kwa nini walishinda, hazielezi kwa nini walishindwa.

#20 MtutuMrefu
Tokyo ni bastola ya Manu Bhaker ilikufa. Betri ya triga iliisha katikati ya mchujo.

#21 FundiKitako
Si betri, Mtutu. Ni wenzo wa kukokia ulivunjika. Tofauti ni kubwa. Betri ya triga ya elektroniki unabadilisha ukiwa umesimama. Wenzo ukivunjika huwezi kufungua mahali pa kuweka risasi, unatoka kwenye mstari, unakwenda kwa mafundi wa mashindano, silaha inakaguliwa, unarudi. Mchujo ni risasi 60 kwa dakika 75, na saa haikusubiri.

#22 BintiDiopta
Alimaliza na 575, nafasi ya 12. Aliyeingia fainali wa mwisho alikuwa na 577. Pointi 2.

#23 PeponiKusini
Si angetumia ya akiba?

#24 FundiKitako
Swali zuri. Bastola ya akiba ni silaha nyingine hata ikiwa toleo moja. Kishikio cha mbao kimechongwa kwa kiganja, ukikiongeza kwa lipu ya mbao hata nusu milimita chini ya kidole gumba, saiti zinakuja mkononi zikiangalia kushoto. Triga lazima ibebe angalau gramu 500, lakini mahali pa kwanza pa kubana na pa pili panatofautiana. Utahitaji risasi za kujipima kabla hujaiamini. Wanaojiandaa vizuri wanapiga robo ya mazoezi yote kwa silaha ya akiba. Wengi wanaiacha kwenye sanduku kama tairi la spea lisilo na upepo.

#25 Mzee wa Renji
Hitilafu moja haielezi watu 14 wengine. Baada ya Rio, Bindra mwenyewe aliongoza kamati ya kuchunguza na ripoti ilikuwa kali: mazoea ya "ndivyo hivyo hivyo", makocha wasiowajibishwa, uteuzi wa kuyumba. Kabla ya Tokyo Manu na kocha wake Jaspal Rana walishatengana. Wakarudiana 2023. Paris akachukua shaba ya bastola mita 10 kwa 221.7, nyuma ya Wakorea wawili, na ya mchanganyiko (mwanamke na mwanaume) na Sarabjot Singh, 16 kwa 10 dhidi ya Korea. Bastola ile ile ya upepo, mkono ule ule. Kilichobadilika ni aliyesimama nyuma yake.

#26 Kisiki_cha_Mpingo
Kwa hiyo sasa ni kocha. Tumehesabu: leseni, baba, jeshi, risasi, jagi, viwanja, hewa kavu, kocha. Nasubiri wa mganga.

#27 Gobore la Babu
Mganga ni yule mzee wa Uturuki kule Paris, mkono mfukoni, hana miwani ya kiroboti, fedha. Vifaa vyote mlivyotaja havina kazi 😂

#28 BintiDiopta
Gobore, Yusuf Dikeç alikuwa na vizibo masikioni, na fedha ile ni ya mchanganyiko, mwenzake Şevval İlayda Tarhan nusu ya kazi ni yake. Waserbia ndio waliochukua dhahabu. Mkono mfukoni si mbwembwe, unazuia bega la pili lisining'inie na kuvuta mwili. Miwani yenye lenzi na kizibo cha jicho ni ya kutuliza jicho, ukiweza kuacha macho yote wazi bila kukunja uso huihitaji. Na hiyo ni bastola. Kaka, simama na bunduki bila koti uone.

#29 Nahodha wa Mitungi
Koti lenyewe ndilo linaloumiza watu wa joto. Unene hauzidi milimita 2.5 kwa tabaka moja, na kipimo cha ugumu lazima kizame angalau milimita 3. Turubai na ngozi vikilowa jasho la Delhi vinalainika, mkao unabadilika kati ya risasi ya 20 na ya 40. Vikikaushwa kwenye chumba cha baridi kali vinakuwa kama bati, unapimwa baada ya mashindano, unaondolewa. Kwa hiyo unalianika kivulini, hulitundiki juani wala mbele ya kiyoyozi.

#30 PeponiKusini
Swapnil Kusale, shaba ya bunduki mita 50 mikao mitatu, 451.4. Mkaguzi wa tiketi wa reli, mtu wa Kolhapur. Tejaswini Sawant, bingwa wa dunia wa kulenga akiwa amelala, mita 50, Munich 2010, naye Kolhapur. Mtutu, hiyo ni .22, ina leseni. Nadharia yako ya #1 imeliwa na mji mmoja.

#31 MtutuMrefu
Haijaliwa. Nani anaanza na .22 moja kwa moja? Unajifunzia mkao kwa upepo, baadaye unahamia. Kolhapur wana watu kwa sababu kuna mtu wa kwanza aliyeshinda na wadogo wakamuona. Na reli inampa mshahara huku anafanya mazoezi.

#32 Kisiki_cha_Mpingo
Mshahara. Yaani pesa. Asante kwa kurudi nyumbani.

#33 Mzee wa Renji
Kuna jambo la sheria za mchezo hamjaligusa. Beijing, Bindra aliingia fainali na 596, wa 4, akapiga 104.5, jumla 700.5. Alama za mchujo zilibebwa. Risasi ya mwisho yeye na Henri Häkkinen wa Finland walikuwa sawa. Bindra 10.8, Häkkinen 9.7, Mfini akaanguka hadi shaba. Tangu 2013 fainali inaanza sufuri, watu wanaondolewa mmoja mmoja; kule Paris ilikuwa baada ya risasi ya 12, kila risasi 2. Na wanawake walipandishwa kutoka risasi 40 hadi 60 mwaka 2018. Huu mfumo unapenda vijana wenye damu baridi, na India ilikuwa tayari na foleni ya vijana waliofundishwa na akina Rana na Deepali Deshpande kwenye timu ya chipukizi. Sheria iliwakuta mlangoni.

#34 BintiDiopta
Mzee hiyo ina mashiko, ila ina upande wa pili. Mfumo huohuo ndio uliowapa nafasi za 4 tatu Paris. Arjun Babuta kwenye bunduki ya upepo, Manu mwenyewe kwenye mita 25, na wale wawili wa skeet mchanganyiko (nayo ni marisau na sahani) waliokosa kwa sahani moja, 43 kwa 44 dhidi ya China. Ukisifu sheria kwa shaba, ilaumu kwa hizo.

#35 FundiKitako
Babuta aliondolewa baada ya risasi ya 20. Kwenye bunduki ya upepo desimali ni robo milimita, hesabu ya #9. Nitauliza tena kwa upole: kopo lake lilikuwa toleo gani?

#36 Kisiki_cha_Mpingo
Fundi na makopo yake jamani.

#37 Nahodha wa Mitungi
Mwenye kalipa ya kidijitali anayepimia tundu la karatasi, ncha zake huwa anazikaza kiasi gani? Yangu inararua ukingo na kunipa milimita 6 pale ambapo macho yanaona 5 na nusu.

#38 FundiKitako
Usipime kwa kukaza, Nahodha. Weka kadi nyeusi nyuma ya karatasi, tumia ncha za ndani, zifungue taratibu mpaka ziguse ukingo bila kuusukuma. Pima pande mbili, andika kubwa zaidi. Na karatasi iwe ya shabaha yenyewe, ya daftari inachanika.